Mkanda wa Naima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Coltrane na Monk pale Five Spot

Majibu haya yanamfaa zaidi aliyeiweka rekodi hii kwa mara ya kwanza, akasikiliza dakika mbili, akainuka kukagua waya za spika. Spika zako ni nzima. Ndivyo ilivyo.

Ni rekodi gani hasa inayozungumziwa hapa?

Ni CD ya jazi iitwayo Discovery! Live at the Five Spot, iliyotolewa na kampuni ya Blue Note mwaka 1993 kwa jina la Thelonious Monk. Monk yuko kwenye piano, John Coltrane kwenye saksafoni ya tena, Ahmed Abdul-Malik kwenye besi na Roy Haynes kwenye dramu. Ina vipande vitano: Trinkle Tinkle, In Walked Bud, I Mean You, Epistrophy na Crepuscule with Nellie. Vilinaswa katika klabu ya Five Spot Café, New York, tarehe 11 Septemba 1958. Ukihesabu, mkanda ulikaa miaka 35 kabla ya kufika dukani.

Mbona sehemu nyingi imeandikwa 1957?

Kwa sababu kila mtu alitamani iwe ya 1957, na mwanzoni ndivyo ilivyodhaniwa.

Mwaka 1951 Monk alinyang'anywa kibali ambacho bila hicho mwanamuziki hakuruhusiwa kufanya kazi kwenye klabu za New York zinazouza pombe. Alikipata tena mwaka 1957, na Five Spot, baa ndogo ya ndugu wawili wa familia ya Termini pale Cooper Square, ikampa kazi ya miezi kadhaa. Coltrane alikuwa ametimuliwa na mpiga tarumbeta Miles Davis mwezi Aprili mwaka huohuo kwa sababu ya heroini. Akaiacha, akajiunga na Monk mwezi Julai, wakawa pamoja pale hadi Desemba. Waliokuwepo walisimulia muziki ule kwa miaka mingi, lakini hapakuwa na kampuni iliyouweka kwenye santuri. Basi mkanda wenye Coltrane na Monk ndani ya Five Spot ulipojitokeza, watu waliruka moja kwa moja hadi 1957.

Anayeikana tarehe hiyo ni mpiga dramu. Bendi ya 1957 ilikuwa na Shadow Wilson. Roy Haynes alikuwa na Monk mwaka 1958, na mpiga saksafoni wake wa kawaida wakati huo alikuwa Johnny Griffin. Coltrane alisharudi kwa Miles tangu mwanzo wa 1958. Tarehe 9 Septemba alikuwa naye kwenye hoteli ya Plaza, hapohapo New York. Siku mbili baadaye akaenda Five Spot kumshikia Griffin nafasi.

Hili si suala la tarehe tu. Unachosikia si bendi iliyokomaa pamoja kwa miezi mitano. Ni mtu aliyerudi kwa nyimbo alizozijua kwa kichwa, baada ya takriban miezi tisa ya kazi nyingine, tena na mpiga dramu tofauti. Ukikuta ukurasa unaosema kwamba rekodi hii inaonyesha jinsi Coltrane alivyokuwa akijifunza kwa Monk mwaka 1957, mwandishi wake amenakili maelezo ya zamani.

Kwa nini kampuni za rekodi hazikupeleka mitambo pale mwaka 1957?

Mikataba. Monk alikuwa wa Riverside, Coltrane wa Prestige, na kila upande ulimshika mtu wake. Hata vipande vitatu walivyorekodi studio na bendi ya wanne mwaka 1957, yaani Ruby, My Dear, Trinkle Tinkle na Nutty, vilitoka mwaka 1961 tu, chini ya lebo ya Jazzland.

Basi nani alirekodi?

Naima, mke wa Coltrane; ndiye huyo ambaye wimbo wa mumewe unabeba jina lake. Alitumia kinasa sauti cha kubebeka na maikrofoni moja. Hapakuwa na fundi mitambo, wala meza ya kuchanganyia sauti, wala mtu wa kumwambia mpiga besi asogee. Ulikuwa mkanda wa nyumbani, wa mwanamuziki kujisikiliza kesho yake asubuhi.

Kwa nini sauti ni mbaya hivi?

Maikrofoni moja iliyo upande wa wateja hupokea ukumbi mzima kama ulivyo, na ukumbi hauna haki. Kila umbali kutoka chombo ukizidi mara mbili, nguvu ya sauti yake hushuka kwa desibeli 6 hivi. Chombo kilicho karibu, au chenye mdomo mpana kama saksafoni, hujaa. Kilicho mbali hufifia. Ndiyo maana Coltrane na Haynes wako wazi, Monk anapanda na kushuka, na Abdul-Malik unamhisi zaidi ya kumsikia. Noti za chini kabisa za besi zina mawimbi karibu 41 kwa sekunde, na maikrofoni ndogo za mashine za nyumbani za wakati ule hazikuweza kuyafikia.

Halafu kuna mikwaruzo pale saksafoni inapopandisha. Hiyo ni mkanda kushiba: kiwango cha kunasa kikiwekwa kwa ajili ya sehemu tulivu, sehemu yenye nguvu inapita uwezo wa chembe za sumaku na sauti inapasuka. Mpasuko wa namna hii hauondoki wote kwa programu yoyote, kwa kuwa ile sura halisi ya wimbi haikuandikwa kamwe.

Ongeza urefu wa mkanda. Ringi ya kipenyo cha sentimita 18 ilibeba mita 366 hivi za mkanda wa kawaida. Kwa kasi ya sentimita 19 kwa sekunde hiyo ni dakika 32; kwa sentimita 9.5 ni kama saa moja, ila sauti za juu zinapungua na msukosuko wa kasi unaongezeka. Yeyote aliyerekodi klabu kwa mashine ya nyumbani alilazimika kuchagua kati ya muda na ubora.

Nimesoma kwamba kasi ya CD ya 1993 si sahihi. Ni kweli?

Ndiyo. Vipande hivihivi vilitolewa tena mwaka 1994 ndani ya kasha la CD nne, The Complete Blue Note Recordings la Monk, na humo kasi imerekebishwa. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua hilo. Kasha hilo pia lina rekodi za Monk za Blue Note za 1947 hadi 1952, kwa hiyo hupotezi kitu.

Tatizo lenyewe ni la kawaida kwa mikanda ya nyumbani. Gurudumu la mpira linalozungusha mkanda likiwa limechakaa au lina mafuta, mkanda huteleza na mashine hunasa kwa kasi ndogo kuliko iliyoandikwa. Studio inapoucheza kwa mashine iliyo sawa, muziki unatoka umeharakishwa na umepanda. Mashine ikikimbia wakati wa kunasa, kinyume chake hutokea. Kosa la asilimia 1 ni senti 17 hivi, pale ambapo nusu toni moja ina senti 100, na masikio mengi hayaligundui. La asilimia 6 ni nusu toni nzima.

Nina toleo la 1993. Naweza kulirekebisha mwenyewe?

Unaweza, kwa Audacity au programu yoyote inayofanana nayo. Unachohitaji ni kipimo cha kuaminika, na kipo: mwezi mmoja kabla, tarehe 7 Agosti 1958, Riverside walirekodi palepale Five Spot bendi ya Monk pamoja na Griffin, Abdul-Malik na Haynes. In Walked Bud ya usiku ule imo kwenye albamu Misterioso.

Fungua In Walked Bud zote mbili. Tafuta sehemu ambapo piano inashika kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) bila saksafoni juu yake, kisha pima noti ileile pande zote mbili kwa programu ya kutyunia. Rudia sehemu tatu au nne, maana piano ya baa haikai kwenye tyuni, na noti moja peke yake inaweza kukudanganya. Chukua wastani wa tofauti kwa senti. Senti 50 ni sawa na kubadili kasi kwa asilimia 2.93, senti 100 ni asilimia 5.95.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanatumia amri ya kupandisha au kushusha noti peke yake, ile inayoacha mwendo kama ulivyo. Mkanda ukikimbia, noti na mwendo hukosea pamoja, hivyo vyote viwili lazima virudi pamoja. Tumia amri ya kubadili kasi. Na usilazimishe noti ya A ya piano ifike kipimo cha kawaida cha mawimbi 440 kwa sekunde kamili. Lenga kulingana na Misterioso, si na nadharia.

Je, nisafishe kelele kwa programu?

Hapana, au kidogo sana. Mvumo wa mkanda umekaa kwenye masafa yaleyale ya matoazi ya Haynes, kuanzia mawimbi 5,000 kwa sekunde kwenda juu. Programu haijui kipi ni mvumo na kipi ni toazi linalofifia. Ukiisukuma, unabaki na sauti ya majimaji, kama muziki unapigwa ndani ya ndoo, na Haynes anageuka mtu wa kugonga meza. Kama huwezi kuvumilia, punguza desibeli 4 hadi 6, usizidi, na ufanye hivyo kwenye nakala.

Kinachosaidia kweli ni kidogo na cha bure. Rekodi ni ya mono, yaani njia moja tu ya sauti, kwa hiyo isikilize kwa spika moja, au bonyeza kitufe cha mono. Teremsha masafa ya 2,000 hadi 4,000 kwa desibeli 2 au 3 ili saksafoni isikuchome masikio. Usiongeze besi, utaongeza mngurumo wa chumba, besi yenyewe haimo. Hedifoni zinafaa kumfuata Monk, ila zinachosha haraka.

Nisikilize nini kwanza?

Anza na rekodi nyingine. Isikilize kwanza In Walked Bud ya Misterioso, mara mbili. Hapo utasikia besi ya Abdul-Malik ikiwa imenaswa kwa mitambo ya kazi, na jinsi Haynes anavyogonga ukingo wa dramu ndogo. Kisha rudi kwa mkanda wa Naima. Sikio likishajua besi inakwenda wapi, linaanza kuisikia hata pale mkanda unapoificha. Ujanja huu unashinda kichujio chochote cha kununua.

Ndani ya mkanda wenyewe, In Walked Bud ndiyo mlango. Umejengwa juu ya kodi za wimbo Blue Skies wa Irving Berlin, baa (vipande vya mpigo) 32 kwa mpango wa A-A-B-A, yaani sehemu A mara mbili, B mara moja, kisha A tena, kila moja baa nane, kwa hiyo ni rahisi kujua uko wapi. Hesabu baa nane nane. Ukipotea, subiri sehemu ya B, inakuokota. Sasa msikilize Coltrane anavyozijaza baa hizo: noti zinakuja kwa vifungu vya tano au saba mahali ambapo mpigo unataka nne, anaparaza kodi nzima kwa pumzi moja kana kwamba anataka zote zilie pamoja. Mwandishi Ira Gitler aliuita mtindo huu "mashuka ya sauti" mwaka huohuo wa 1958, na jina likaganda.

Trinkle Tinkle ni mtihani. Melodia yake iliandikwa kwa vidole vya mpiga piano, noti ndogondogo zinazomiminika, na haikai vizuri kwenye saksafoni hata kidogo. Ilinganishe na ile ya studio ya 1957. Kule Coltrane anaibeba kwa uangalifu. Huku ameshaimeza.

Jambo moja la kutega sikio: Monk ananyamaza. Ilikuwa desturi yake kuinuka kwenye piano katikati ya solo ya Coltrane, akacheza dansi kando ya jukwaa au akaelekea kaunta, huku akiwaacha watatu waendelee. Kwa hiyo piano ikipotea ghafla usilaumu mkanda kila mara. Kama matoazi bado yako palepale na nguvu ileile, aliyeondoka ni Monk, si maikrofoni. Coltrane mwenyewe alieleza baadaye kwamba kupiga na Monk kulimtaka awe macho muda wote, na kwamba Monk alikuwa mmoja wa wa kwanza kumwonyesha jinsi ya kutoa noti mbili au tatu kwa pamoja kwenye saksafoni, kwa kubadili vidole na kukaza mdomo.

Crepuscule with Nellie usiitafutie solo. Monk aliitunga mwaka 1957 mkewe Nellie alipokuwa mgonjwa, na hupigwa kama ilivyoandikwa, mwanzo hadi mwisho. Epistrophy, aliyoitunga na mpiga dramu Kenny Clarke, ndiyo aliyozoea kufungia awamu ya muziki jukwaani.

Huyu Ahmed Abdul-Malik alikuwa Mwafrika?

Alijitambulisha kuwa na asili ya Sudan, lakini alizaliwa Brooklyn mwaka 1927 kwa wazazi kutoka visiwa vya Karibea. Kwa msikilizaji wa taarabu ana mvuto wa pekee: alipiga udi. Mwaka huohuo wa 1958 alirekodi albamu Jazz Sahara, akachanganya udi na saksafoni ya Johnny Griffin. Kwenye mkanda wa Five Spot yuko kwenye besi tu.

Na ile rekodi ya Carnegie Hall?

Hiyo ni nyingine kabisa. Ilinaswa tarehe 29 Novemba 1957 na Sauti ya Amerika, kwa mitambo ya redio. Ikapotelea Maktaba ya Bunge la Marekani hadi Larry Appelbaum, mtumishi wa maktaba hiyo, alipoikuta mwanzoni mwa 2005, na Blue Note wakaitoa mwaka huohuo. Sauti ni safi, piano ya Monk inang'aa, na mpiga dramu ni Shadow Wilson. Hiyo ndiyo inayoonyesha bendi ya 1957 kama ilivyokuwa.

Mwenye pesa ya moja tu anunue ya Carnegie Hall. Mkanda wa Naima ni wa anayetaka kujua Coltrane alipigaje mahali ambapo hapakuwa na redio wala tikiti za ukumbi mkubwa, nyimbo zikirefuka kadiri anavyotaka. Crepuscule with Nellie na Epistrophy zimo kwenye zote mbili. Lakini kwa kuwa ya kwanza haina solo, linganisha Epistrophy.

Kwa nini ilichukua miaka yote hiyo?

Coltrane alifariki mwaka 1967, Monk mwaka 1982. Mkanda wa nyumbani wenye wanamuziki wanne hauuziki kwa ridhaa ya mtu mmoja: mwenye mkanda anamiliki plastiki, na muziki ulio juu yake una wenyewe wengine. Tena masikio ya soko yalibidi yabadilike. Miaka ya 1960 kampuni ingeutupa mkanda wa sauti kama hii mlango wa nyuma.

Nina ringi za zamani nyumbani, za bendi au za taarabu. Nifanyeje?

Usizicheze kwanza. Nusa. Harufu ya siki inamaanisha ni mkanda wa asetati unaooza. Utenge na mingine, na uunakili mapema. Kisha inua ringi uelekeze kwenye mwanga: asetati hupitisha mwanga kando ya mzingo, poliesta huwa giza. Asetati hukatika mkato safi na inaweza kuungwa kwa utepe maalumu. Poliesta hunyumbuka kabla ya kukatika, na ikishanyumbuka sauti ya sehemu hiyo imekwisha.

Umesikia kwamba mikanda huokwa. Ni kweli kwa mikanda ya poliesta ya miaka ya 1970 na 1980 inayonata, kwenye nyuzijoto 54 hivi kwa saa nane au zaidi, ndani ya kifaa chenye joto lisiloyumba. Jiko la nyumbani halifai. Asetati usiioke kabisa. Itajikunja na hutaisoma tena.

Safisha vichwa vya mashine kwa pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kila baada ya ringi. Hakikisha mashine inalingana na mpangilio wa njia za mkanda: ukisikia muziki mmoja unakwenda mbele na mwingine kinyumenyume chini yake, unasoma pande mbili kwa pamoja. Geuza skrubu ya mwinamo wa kichwa polepole hadi sauti za juu ziwe kali kabisa, kisha iache.

Angalia pia umeme. Mashine nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zina mota inayofuata mawimbi 60 ya umeme wa kule. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa mawimbi 50, hata kwa transfoma ya kupunguza volti, itazunguka kwa tano ya sita tu ya kasi yake, na waimbaji watashuka kwa zaidi ya nusu toni tatu. Transfoma hubadili volti, haigusi mawimbi.

Nakili kwa biti 24 na sampuli 96,000 kwa sekunde, ukiacha kilele kwenye desibeli 6 hadi 10 chini ya sifuri. Saa moja ya mono inachukua kama gigabaiti 1. Weka nakala ghafi isiyoguswa mahali pawili, na fanya marekebisho yote kwenye nakala nyingine. Ringi zenyewe zisimamishe wima ndani ya maboksi yake, mbali na spika na ukuta unaotoa unyevu. Pwani, ukungu huwahi kuliko kuoza kwa mkanda wenyewe.